KUCHOMA MBAVU ZA WAGENI WENGI
Mashauri kwa wakulima wa skimu za makazi, Isebania na jirani zake



Siku ya arusi, siku ya harambee na siku ya mkutano wa mwaka wa chama cha ushirika huishia kwenye chakula, na wageni wengi hawakihesabu kuwa chakula kama hakuna nyama choma. Huko Isebania, kwenye barabara kuu itokayo Kisii na Migori kwenda Tanzania, ng'ombe na mbuzi si haba, na watu wajuao kuchoma nyama si wachache. Lakini kuchoma kilo moja kwa watu wanne ni kazi moja, na kuchoma kilo 18 za mbavu kwa watu 60 ni kazi nyingine kabisa.

Jambo hili lafaa kufikiriwa mapema. Katika skimu majirani wengi wametoka pande mbalimbali, na karamu ni mahali pa kujuana. Wageni 20 wa kwanza wakila nyama nzuri, na 40 wa mwisho wakapewa nyama iliyoungua nje na mbichi ndani, manung'uniko yatakaa muda mrefu kuliko shukrani. Tena kuna hatari kubwa zaidi ya manung'uniko. Nyama mbaya ikiwaumiza watu 60 kwa siku moja, kesho yake hakuna wa kukamua ng'ombe wala wa kupalilia mahindi.

Shauri letu kubwa ni hili: mbavu nyingi haziivi kwa moto mwingi. Huiva kwa moto wa kadiri, na kwa hesabu ya saa iliyopangwa kabla makaa hayajawashwa.

MNYAMA KWANZA

Kazi ya kuchoma huanza kwa mnyama mwenyewe. Mnyama aliyekufa kwa ugonjwa, au aliyekutwa amekufa asubuhi bila sababu kujulikana, asichunwe, asipasuliwe wala asiliwe. Huenda amekufa kwa kimeta. Mara nyingi mzoga wa kimeta huvimba upesi, na damu nyeusi isiyoganda hutoka puani, mdomoni au nyuma. Lakini hata usipoziona dalili hizo, usijaribu bahati. Mbegu za kimeta haziuawi na mapishi ya kawaida, na mzoga ukipasuliwa huingia udongoni na kukaa humo miaka mingi. Mwite Afisa wa Mifugo, naye ataonyesha jinsi ya kuuzika au kuuteketeza.

Mnyama mzima wa afya naye ana sharti lake. Ikiwa amechomwa sindano, au ameogeshwa kwa dawa ya kupe, tazama maandishi yaliyo juu ya chupa ya dawa hiyo. Huko zimeandikwa siku za kungojea kabla ya kuchinja. Kama siku hazijatimia, chagua mnyama mwingine, kwa maana dawa ingali mwilini na moto wa jiko si tiba yake.

Ukinunua nyama buchani, uliza kama imekaguliwa, na utake kuuona mhuri kabla nyama haijakatwakatwa. Sheria ya Kenya ya kudhibiti nyama, Sura ya 356, iliyotungwa mwaka 1972, inataka nyama ya kuuzia watu ikaguliwe. Ukichinja mnyama wako kwa ajili ya wageni, zungumza na mkaguzi wa nyama siku kadhaa mbele, usimfuate wakati kisu kimekwisha kazi. Na kwa kuwa mpaka uko karibu, usinunue mnyama aliyevushwa usiku bila cheti cha Afisa wa Mifugo. Bei yake ni rahisi, lakini akileta ugonjwa wa midomo na kwato katika skimu, watakaolipa ni majirani wote.

HESABU YA MBAVU

Mbuzi ana mbavu 26, yaani 13 kila upande. Ukitaka kila mgeni apate tatu, mbuzi mmoja atawatosha watu wanane tu. Wageni 60 wangehitaji mbuzi wanane, na hapo umelimaliza zizi kwa siku moja. Kwa hiyo usiahidi mbavu za mbuzi kwa mkutano mzima. Watu wenye busara huchoma mbavu za ng'ombe kwa wageni wote, na ikiwa mbuzi amechinjwa, mbavu zake hugawiwa kwa kufuata desturi ya kwao.

Kama kuna ugali, mboga na kachumbari, weka gramu 300 za mbavu mbichi kwa kila mtu mzima. Watu 60 ni kilo 18. Usione kiasi hicho ni kikubwa. Mfupa ni mzito, na motoni nyama hutoa maji na mafuta. Kilo moja ya mbavu mbichi haibakizi hata nusu kilo ya nyama ya kutafuna.

Mwambie mwuza nyama akukatie vipande vya mbavu mbili mbili au tatu tatu, vyenye ukubwa unaolingana. Hili ni jambo dogo lenye faida kubwa. Vipande vikilingana huiva pamoja. Vikitofautiana, vidogo hukauka huku vikubwa vingali vibichi.

PIPA NA WAVU

Huna haja ya kununua jiko la gharama. Pipa la chuma la lita 200 lina urefu wa sentimeta 88 hivi na upana wa sentimeta 58. Likikatwa kwa urefu wake hutoa majiko mawili, na fundi wa kuchomea vyuma aweza kuyatia miguu. Toboa matundu chini upande mmoja, ili hewa ipite mahali patakapokaa makaa. Wavu uwe juu ya makaa kwa sentimeta 15 hadi 20.

Lakini angalia sana pipa hilo lilikuwa na nini. Pipa lililobeba dawa ya kunyunyizia mimea, au dawa ya josho, lisitumiwe kwa chakula hata likioshwa mara kumi. Tafuta lililobeba mafuta ya kula. Kabla ya kulitumia mara ya kwanza, washa moto mkubwa wa kuni ndani yake mpaka rangi yote iungue, kisha lisugue. Wavu nao uwe wa chuma kitupu. Wavu wa uzio uliopakwa zinki haufai, kwa sababu zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu.

MAKAA

Debe moja la makaa lina uzito wa kilo 4 hadi 6 hivi. Kwa kazi ya kilo 18 tayarisha madebe manne: mawili ya kuanzia, moja la kuongezea, na moja la akiba. Makaa ya mti mgumu kama mgunga hukaa na moto muda mrefu. Ya mti laini hulipuka haraka na kuisha.

Usisahau makaa hayo yalikotoka. Kwa tanuri la udongo, kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makaa. Katika nchi ya Kuria miti mingi imekwisha kuliwa na mabanda ya kukaushia tumbaku, na makaa huimaliza iliyobaki. Mkulima mwenye pembe ya shamba isiyofaa kwa mahindi na aipande miti ya kuni. Tena makaa yasipotezwe. Karamu ikiisha, funika yaliyobaki yazimike, uyatumie siku nyingine.

Kwa kuwasha, magunzi makavu ya mahindi yatosha. Usiwashe kwa plastiki, wala mpira, wala mbao zilizopakwa rangi au dawa. Mafuta ya taa nayo huacha harufu yake katika nyama.

Makaa yakiisha kuwaka, ngoja. Wachomaji wengi huharibu kazi hapa: waona ndimi za moto, na mara moja wapanga nyama. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka makaa yavae majivu ya kijivu na ndimi zipotee. Kisha yasukume yote upande mmoja wa jiko, uache upande wa pili bila makaa. Sasa una majiko mawili katika jiko moja: upande wa moto mkali, na upande wa joto la pole.

Kupima, weka kiganja chako juu ya wavu, kwa kimo cha kiganja kimoja, uhesabu polepole. Ikiwa waondoa mkono kabla ya kufika tatu, moto ni mkali. Ukiweza kufika sita au saba, joto hilo lafaa kwa mbavu.

KWA NINI JOTO LA POLE

Nyama ya mbavu hufanya kazi kila mnyama anapovuta pumzi, kwa hiyo imejaa nyuzi ngumu zinazoifunga na mfupa. Nyuzi hizo hazishindwi kwa ukali wa moto. Zahitaji joto la kadiri kwa muda mrefu, ndipo ziyeyuke na kuilainisha nyama. Moto mkali hukausha nje, huku nyuzi za ndani zingali kama kamba. Kule Memphis, mji wa Marekani wenye sifa ya mbavu za nguruwe, wachomaji huziacha katika joto la pole na moshi kwa muda wa saa tano au sita. Mbavu zetu hazihitaji muda huo wote, lakini sababu ni ile ile.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchoma moja kwa moja. Panga mbavu upande usio na makaa, mfupa ukiwa chini, ufunike kwa karai kubwa au kifuniko cha sufuria. Geuza kila dakika 20. Mbavu za mbuzi huchukua muda wa saa moja na nusu mpaka mbili, na za ng'ombe saa tatu au zaidi. Mwishoni zipeleke upande wa moto mkali dakika chache zipate rangi.

Njia hiyo ni nzuri kwa wageni 15. Kwa wageni 60 ina taabu, kwa sababu upande mmoja wa nusu pipa huchukua kilo 5 hivi tu. Ukianza asubuhi, wa mwisho watakula usiku.

Kwa hiyo tunashauri njia ya pili, ijulikanayo na wapishi wengi wa arusi: chemsha kwanza, kisha choma. Tia mbavu katika sufuria kubwa na maji ya kuzifunika, vitunguu na chumvi kidogo. Yakichemka, punguza moto, yatokote polepole. Mbavu za ng'ombe zikae muda wa saa moja na nusu, na za mbuzi dakika 45. Zitoe, zichuje maji, zipeleke motoni mara moja. Usiziache zipoe mezani mpaka alasiri, kwa maana nyama ya uvuguvugu ni shamba zuri la vijidudu. Supu iliyobaki usiimwage. Irudishe ichemke, uwape wageni wanaofika mapema, nao watangoja kwa subira.

Motoni zitakaa dakika 40 hadi 45 upande wa joto la pole, na dakika chache za mwisho upande wa moto. Mafuta yakidondoka na moto ukiruka, usimwage maji. Maji hurusha majivu juu ya nyama. Isogeze nyama upande wa pili, moto utatulia wenyewe. Makaa yakipungua, usitupe makaa mabichi chini ya nyama. Yawashe kando katika jiko dogo, uyaongeze yakiwa tayari mekundu.

Chumvi yatosha vijiko viwili vidogo kwa kila kilo, nusu sufuriani na nusu motoni. Apendaye viungo aweza kufuata watu wa Pwani, wanaopaka tangawizi, kitunguu saumu na ndimu.

SAA YA KILA KAZI

Tuseme wageni watakula saa 7 mchana. Hesabu kurudi nyuma.

Saa 2 asubuhi: osha mikono, panga vipande, bandika sufuria mbili.

Saa 2.45: maji yamechemka, punguza moto.

Saa 4: washa makaa katika nusu pipa zote mbili.

Saa 4.30: toa mbavu za jiko la kwanza, kilo 10, uzichuje. Nyingine ziache katika supu iliyo moto.

Saa 4.45: panga mbavu za kwanza, kilo 5 kila jiko.

Saa 5.30: zitoe, uzitie katika sufuria safi yenye kifuniko, kando ya moto, zikae na joto. Ongeza makaa yaliyokwisha kuwaka.

Saa 5.40: panga kilo 8 zilizobaki.

Saa 6.25: zote zimetoka. Ziache zitulie dakika kumi, kisha kata na kugawa.

Utaona kuna nusu saa ya ziada. Hiyo ni ya mvua, ya makaa yenye unyevu, na ya mgeni mheshimiwa anayetaka kukuamkia wakati wa kugeuza nyama.

Utajuaje kuwa zimeiva? Nyama huwa imevutika nyuma, na ncha ya mfupa imeonekana kama sentimeta moja. Kisu huingia bila kushindana, na maji yatokayo ni meupe, si mekundu. Mwenye kipimajoto apime katikati ya nyama bila kugusa mfupa. Nyuzijoto 63 za Selsiasi, na kupumzishwa dakika tatu, zatosha kwa usalama, lakini mbavu hulainika vizuri zikifika karibu 90.

USAFI NA HEWA

Weka mbao mbili za kukatia na visu viwili: vya nyama mbichi na vya nyama iliyoiva. Ubao mmoja ukitumiwa kwa zote mbili, vijidudu vya nyama mbichi hupanda juu ya nyama iliyo tayari, na kazi yote ya moto imepotea. Koleo iliyoshika mbichi ioshwe kabla ya kushika iliyoiva. Kachumbari ikatwe mahali pengine kabisa, kwa maana yenyewe haipiti motoni.

Mvua ikinyesha, usihamishe jiko la makaa ndani ya nyumba, hata dakika chache. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakidhani wasikia usingizi tu. Jenga mapema kibanda kilicho wazi pande zote, chenye paa la juu. Watoto nao wawekewe mpaka. Pipa lililoshika moto halionekani kuwa moto.

BAADA YA WAGENI

Nyama isikae mezani zaidi ya saa mbili, na siku ya jua kali isizidi saa moja. Ya kubaki iwekwe mahali pa baridi, au ichemshwe tena na kuliwa siku ile ile. Ukiwa umechinja nyumbani, usiwatupie mbwa maini na mapafu mabichi, hasa yakiwa na malengelenge ya maji. Mbwa hupata minyoo humo, na mayai ya minyoo hiyo huwarudia watu, watoto hasa. Yachome au yazike kwenye shimo refu. Mifupa iliyochomwa nayo hupasuka kama sindano katika koo la mbwa, izike pamoja.

Mwisho, chukua daftari uandike: kilo ngapi zilinunuliwa, madebe mangapi ya makaa yaliungua, saa ya kuwasha na saa ya kugawa, na nyama kiasi gani ilibaki. Mkulima huandika mbegu na mbolea ili ajue msimu ujao. Karamu ya skimu nayo hurudi kila mwaka, na mwaka ujao mwenye kuchoma huenda akawa jirani yako. Mpe daftari hilo.